Mbao Kwanza, Umeme Baadaye

Hapa Kisumu, ukimwonyesha mpiga gita mwenzako gita la nyuzi za nailoni lenye tundu la kebo, swali lake la kwanza huwa: "Kwenye spika linatokaje?" Swali hilo lina haki yake. Tunapiga makanisani, harusini na matangani, pahali penye watu wengi na jenereta inayonguruma nyuma ya hema, na gita lisilosikika halimsaidii mtu. Ila kwa muda ambao nimeishi na langu, Takamine kuukuu iliyotengenezwa Japani, nimeshika msimamo ambao siuachi: kinasa sauti (kile kifaa kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme), betri na vitasa vya kuzungusha sauti ni vitu vya kununua vingine vikifa. Ubao wa uso ukishaharibika, hakuna duka litakalokuuzia roho ya gita upya.

Nililinunua Nakuru, kwa mwalimu mstaafu wa muziki anayeishi upande wa Lanet. Baridi yabisi ilikuwa imemshika vidole vya mkono wa kushoto, na alikuwa amewakataa wanunuzi kadhaa kwa sababu aliona walitaka pambo la sebuleni. Alinikaribisha chai kwanza, akaniuliza ninapiga nini na nani alinifundisha, ndipo akaleta kasha kutoka chumba cha ndani. Nikaanza kutazama huku na huku.

"Mwalimu, kebo iko wapi nilijaribu?"

"Kebo ya nini sasa, kijana wangu? Kaa hapo upige."

Nikapiga. Uzi wa sita ulitoa sauti nene niliyoisikia kifuani kabla haijafika masikioni, maana mgongo wa gita ulikuwa umenigusa. Nyuzi tatu nyembamba zilikuwa na utamu usiokwaruza, na kila noti ilikaa hewani kitambo kabla ya kuzimika. Nikapanda freti kwa freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, hadi ya kumi na mbili, nikashuka, nikitafuta mahali sauti inapokufa ghafla au kutetema vibaya. Nikaukagua zaidi uzi wa tatu, kwa sababu katika magita ya nailoni huo ndio mnene kuliko wenzake wawili wasiozungushiwa waya, na mara nyingi sauti yake hufifia. Huu ulisema. Haukuwa na nguvu za wenzake, lakini ulisema.

Mwalimu alinyamaza muda wote huo. Nilipoinua kichwa akanipa tochi na kioo kidogo cha kunyolea. "Sasa tazama ndani."

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ndani ya gita ndimo nilimojifunza mengi. Kwenye kipande cha mti kinachoshika shingo palikuwa na namba. Katika magita ya kiwanda hicho ya miaka hiyo, tarakimu mbili za kwanza ni mwaka, mbili zinazofuata ni mwezi: hili lilitengenezwa Juni 1989. Kisha Mwalimu akanielekeza nitazame kwa karibu ukingo wa tundu la sauti, lile duara lililo usoni mwa gita. Mistari ya mti unayoiona usoni inapaswa kushuka kwenye unene wa ukingo, mstari kwa mstari, bila kukatika. Ikishuka hivyo, huo ni ubao mmoja halisi. Ukiona tabaka mbili tatu zimebanwa pamoja, hiyo ni plaiwudi iliyofunikwa kwa utando wa mti mzuri, na hata ipakwe vanishi ya namna gani, haitatikisika kwa wepesi ule.

La Mwalimu lilikuwa ubao halisi wa mwerezi mwekundu wa Amerika Kaskazini. Fundi alikuwa amepasua kipande kimoja, akakifunua na kuunganisha pande mbili katikati, hata mistari ya kushoto ikalingana na ya kulia mpaka ukingoni. Kiungo chenyewe nilikipata kwa ukucha tu. Jicho lilishindwa kukiona. Mgongo na mbavu zilikuwa za rozwudi, rangi ya kahawia iliyokolea yenye michirizi myeusi.

Nikaingiza kioo. Chini ya ubao wa uso nikaziona fito nyembamba zimetanda mfano wa upepeo wa mkono, zimechongwa zikaisha kwa ncha laini, bila tone la gundi lililomwagika. Kazi ya fito hizo nimeielewa vizuri zaidi baadaye. Uso wa gita la klasiki, yaani la nyuzi za nailoni kama hili, una unene wa milimita 2 hivi, au zaidi kidogo, na nyuzi sita za nailoni zikikazwa huvuta kwa jumla ya uzito wa karibu kilo 40. Ubao mnene ungevumilia mvuto huo bila taabu, lakini ungekuwa bubu. Ubao mwembamba unaimba, lakini peke yake ungepinda. Fito zinauwezesha kubaki mwembamba na bado usimame.

Aliyeupa mpangilio huu sura tunayoijua leo ni fundi wa Uhispania, Antonio de Torres, aliyezaliwa mwaka 1817 karibu na Almería na kufariki 1892. Wengine walitumia fito kama hizo kabla yake, lakini yeye ndiye aliyeukuza mwili wa gita na kuukamilisha mpango wake kiasi kwamba mafundi wa duniani kote waliufuata. Mwaka 1862 alitengeneza gita ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu, uso tu ndio ulikuwa wa mti mzuri, kuonyesha kwamba sauti kwa sehemu kubwa hutoka usoni. Gita hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya muziki ya Barcelona. Kila nikisikia mtu akisifu gita kwa ajili ya rozwudi ya mgongo, namkumbuka Torres na karatasi zake.

Zilikuwepo alama za kutumika pia, nami sikutaka zifutwe. Karibu na tundu, upande wa nyuzi nyembamba, kucha zilikuwa zimechimba mikwaruzo midogo. Nyuma ya shingo vanishi ilikuwa imelika pale dole gumba linapoegemea. Freti za kwanza tatu zilikuwa na vijishimo chini ya nyuzi, si virefu. Ukisoma alama hizo unamjua mtu: huyu alipiga sana kwenye freti zilizo karibu na kichwa cha gita, na alipiga kwa kucha. Gita ambalo limekaa ukutani miaka thelathini bila alama hata moja, mimi hunitia wasiwasi kuliko lililochakaa kwa kazi.

Tukapitisha kipande cha karatasi nyuma ya daraja, kile kipande cha mti kilichogundishwa usoni ambako nyuzi zimefungwa, kuona kama limeanza kubanduka. Hakikuingia. Nikaugonga uso kwa kifundo cha kidole, sehemu moja baada ya nyingine, nikisikiliza kama kuna ufito uliolegea unaotetema. Kimya. Hapo ndipo Mwalimu akainuka kwenda kuleta kebo na spika yake ndogo.

Kinasa cha kwenye gita la umeme la nyuzi za chuma hakifanyi kazi hapa. Kile hutumia sumaku, na sumaku haioni nailoni. Gita la nailoni linahitaji njia nyingine, na njia hiyo ilianzia mwaka 1880, wakati ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walipoonyesha kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme. Katika gita langu vipande sita vya namna hiyo vimekaa chini ya mfupa wa darajani, ule ufito ambao nyuzi hupita juu yake, kimoja kwa kila uzi. Uzi ukitetemeka unaubana mfupa, mfupa unabana kipande, umeme mdogo mno unatoka. Ni mdogo hivi kwamba lazima uongezwe nguvu na kikuzaji kilichomo ubavuni, kinachoendeshwa na betri ya volti 9, kabla haujasafiri kwenye kebo.

Tulipochomeka, uzi wa pili ulitoka hafifu kuliko wenzake, na kitasa cha sauti kilikwaruza kila nilipokizungusha. Nikamwona Mwalimu akinitazama kuona kama nitaanza kutafuta kasoro ili nishushe bei. Sikushusha. Vitasa vinavyokwaruza huwa ni vumbi, na dawa ya kusafishia swichi huyamaliza. Uzi mmoja ukitoka hafifu, mara nyingi mfupa haujakaa sawasawa juu ya vile vipande. Nilichokuwa nikinunua nilikuwa nimeshakisikia bila umeme.

Kwenye matatu ya kurudi nilililipia kiti. Makanga alishangaa, lakini gita la namna hii haliendi kwenye kerea wala halikai juu ya injini, kwa sababu gundi nyingi za magita hulegea zikipata joto kali, na daraja ndilo huanza kutoka. Nilikuwa nimelegeza nyuzi kidogo. Kutoka Nakuru unapanda ubaridi wa Kericho, halafu unateremka hadi Ahero ambako joto linakupiga usoni mlango ukifunguliwa. Nilipofika nyumbani sikulifungua kasha siku hiyo. Mbao zilihitaji kuzoea polepole.

Na zilizoea kwa namna ambayo sikuitegemea. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ilikuwa mwezi wa pili, msimu mkavu. Nilipokuwa kwa Mwalimu nilihisi ncha za freti zikinikwangua mkono kando ya shingo, kwa sababu ubao wa vidole ulikuwa umekauka na kusinyaa, chuma kikabaki vilevile. Kisumu iko chini sana, mita 1,100 na ushee, kando ya ziwa. Mvua za masika ziliposhika, ncha zile zilipotea zenyewe. Sikupiga tupa hata moja. Unyevu ulikuwa umeurudisha ubao kwenye upana wake. Lakini unyevu huohuo ulivimbisha ubao wa uso, ukalisukuma daraja juu, na nyuzi zikawa mbali na freti kiasi cha kuniumiza vidole nikipiga juu ya freti ya saba.

Kwa kawaida kwenye gita la klasiki, juu ya freti ya 12, uzi wa sita huwa umeinuka milimita 4 hivi na wa kwanza 3. Langu lilikuwa limevuka hapo wazi. Nilienda kwa seremala ninayemwamini karibu na Kibuye, mtu anayetengeneza pia nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Alipolishika tu alisema, "Ndugu, hii shingo haina shida. Mvua ndiyo imelipandisha daraja." Ushauri wake ndio ninaoufuata mpaka leo: nisikwangue mfupa uliokuja na gita, nichonge wa pili. Mmoja wa masika, mmoja wa kiangazi.

Mfupa wenyewe ulitoka buchari, mguu wa ng'ombe, ukachemshwa mpaka mafuta yakatoka yote, ukaanikwa. Akaukata kwa msumeno mwembamba, akausugua kwa msasa uliolazwa juu ya kioo cha dirisha ili upande wa chini uwe bapa kabisa. Hesabu yake ilinivutia: ukitaka uzi ushuke milimita moja juu ya freti ya 12, unaondoa milimita mbili kwenye mfupa, kwa kuwa freti hiyo iko katikati ya urefu wa uzi. Aliusugua, akapima kwa rula, akausugua tena, akaupuliza vumbi, akauweka. Tulipochomeka, uzi wa pili ulitoka sawa na wenzake. Ile hitilafu ya Nakuru ilikuwa ni mfupa wa zamani uliopinda kwa chini na kuacha kipande kimoja bila kubanwa vizuri. Kwa hiyo hata shida tuliyodhani ni ya umeme, dawa yake ilikuwa msasa.

Seremala huyo ndiye aliyenifanya nifikirie kwa nini sauti ya nailoni inakubalika haraka upande wetu huu. Zamani nyatiti ilikuwa na nyuzi za kano za ng'ombe. Sasa zake nane ni mshipi wa nailoni, uleule wa wavuvi. Gita la klasiki limepitia njia hiyohiyo. Nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa mnyama, hadi wakati wa Vita Kuu ya Pili utumbo ukaadimika kwa sababu ulihitajika kushonea majeruhi. Albert Augustine, fundi wa New York, akaanza kutengeneza nyuzi za nailoni katika miaka ya 1940, na mpiga gita Mhispania Andrés Segovia akaziunga mkono. Nikipiga uzi wa nne na wa tano karibu na daraja, wazee wanaokaa benchi la mbele kanisani huinua vichwa. Ni sauti ambayo sikio la kando ya ziwa linaijua.

Na kuna mkono wa kulia. Huku magharibi mwa Kenya tuna urithi wa kupiga kwa kudonoa, dole gumba likishika besi na kidole cha shahada kikiimba, mtindo wa omutibo ambao akina George Mukabi waliusambaza kwenye sahani za santuri kabla hajafariki mwaka 1963, mwenzake akigonga chupa ya soda kuweka mdundo. Wao walitumia nyuzi za chuma. Lakini shingo ya klasiki, ambayo pale juu kwa kawaida ina upana wa milimita 52 dhidi ya 43 hivi za gita la chuma, inaupa mkono huo nafasi ya kutembea bila vidole kugongana. Tenzi za kanisani nazipiga hivyo, kwa gumba na shahada, na kwaya haijawahi kulalamika kwamba haioni mdundo.

Kuhusu kupiga kwenye spika, machache. Uzi wa tano ukiwa wazi hutetemeka mara 110 kwa sekunde, na hewa iliyomo ndani ya gita la klasiki hupenda kuvuma karibu na hapohapo. Ndiyo maana kwenye ukumbi, gita likianza kunguruma lenyewe, mara nyingi ni noti hiyo. Napunguza besi kwenye miksa pale karibu na hetsi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, nasogea pembeni ya spika, na mngurumo unaisha bila kuua sauti yote. Kebo naichomoa nikimaliza, maana ikibaki imechomekwa betri inaendelea kuliwa. Na gita likikaa muda bila kazi, betri naitoa kabisa. Ikivuja, maji yake hula shaba.

Vijana wa kwaya sasa wananifuata niwasindikize wakitafuta magita ya mkono wa pili. Lililonisikitisha zaidi tulilikuta Kondele: gita zuri la klasiki ambalo mtu alikuwa amelifunga nyuzi za chuma ili litoe sauti kubwa. Nyuzi za chuma huvuta karibu mara mbili ya zile za nailoni. Uso ulikuwa umevimba nyuma ya daraja na kubonyea mbele yake, na ile karatasi yangu iliingia chini ya daraja mpaka nusu. Kwenye spika lilitoka vizuri ajabu. Muuzaji alilichomeka mara tu tulipoingia na kijana akawa tayari ametoa simu alipe kwa M-Pesa. Nilimwomba achomoe, apige freti ya 12 na kisha sauti ya juu ya uzi huohuo wazi kwa kuugusa tu hapohapo. Zile noti mbili, ambazo zingepaswa kuwa moja, zilikuwa zimepishana wazi. Tuliaga tukaondoka.

Kijana huyo hajakata tamaa. Amepata jingine Kakamega, na mwenyewe amemtumia picha za ukingo wa tundu kama nilivyomwelekeza aombe. Mistari inashuka vizuri, uso ni ubao mmoja wa sprusi, daraja limelala bapa. Kinasa kimekufa kabisa, na ndiyo sababu linauzwa bei ya chini. Jumamosi tunaondoka na matatu ya kwanza, kabla hajatokea mwingine wa kulichukua.